Masharti ya Kuanza

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya mwisho ya kujiandikisha, mashine ilimkataa mwanafunzi wa kwanza. Karani wa usajili akadhani amebonyeza vibaya. Akabonyeza tena, safari hii polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa, na mashine ikajibu vilevile: mwanafunzi hajatimiza sharti la kuanza somo. Akamwita wa pili, akakataliwa. Wa tatu, hivyohivyo. Alipofika wa saba foleni ilishaanza kunung'unika, na karani akainuka kitini kwenda kugonga mlango wa Mratibu wa masomo.

Mratibu hakuuliza kuna nini. Tangu saa moja alikuwa akizunguka ofisini mwake, anakaa, anainuka, anafungua droo, anaifunga, chai imeganda utando mezani. Niseme mapema, maana sipendi hadithi inayomficha msomaji kitu ili baadaye imrukie nacho: mama huyu alikuwa anajua. Alijua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

Mambo yalikuwa hivi. Chuo kilikuwa kinaanzisha stashahada ya majokofu na viyoyozi, na yeye, kaimu mratibu, ndiye aliyepewa kazi ya kupanga masomo: lipi liwe muhula wa kwanza, lipi la pili, lipi lisubiri lipi. Akawapitia walimu watatu wa fani na fomu yenye swali moja: mwanafunzi awe amefaulu nini kabla ya kuingia kwako? Fundi Mkuu wa karakana, mzee wa mikono mikubwa aliyewafundisha nusu ya walimu wa chuo, akaandika kwamba hamtaki mtu kwenye mabomba yake ya gesi kama hajui kusoma mchoro. Mwalimu wa mchoro, ambaye wanafunzi humwita Bwana Rula kwa jinsi anavyotembea amenyooka, akaandika kwamba hamshikishi mtu penseli kama hajafaulu hesabu za ufundi. Mama Hesabu naye akaandika, kwa wino mwekundu, kwamba amechoka kuwamezesha kanuni watu ambao hawajawahi kugusa bomba. Waanzie karakana kwanza, namba zipate pa kusimama.

Kila mmoja alikuwa na hoja. Ukimsikiliza peke yake unampa haki yake. Lakini zipange fomu hizo tatu mezani, uone kituko: karakana inataka mchoro, mchoro unataka hesabu, hesabu inataka karakana. Nyumba nzima imejengwa, haina mlango. Mwanafunzi wa kuingia humo hajazaliwa.

Wala si kwamba walimu wale walikosa akili. Ni desturi ya pale chuoni. Mwalimu anayepewa wanaoanza hupangiwa vipindi vya saa moja asubuhi na darasa la watu themanini, halafu katika chumba cha walimu huitwa mlezi. "Mlezi, watoto wamelala?" ndivyo wanavyomtania, na anayetaniwa hucheka kwa meno tu. Kwa hiyo kwenye ule mstari wa sharti la kuanza, hakuna hata mmoja aliyekuwa radhi kuandika kwamba kwake hakuna sharti. Miaka yote tabia hiyo haikumdhuru mtu, kwa sababu masharti yalikaa kwenye jalada na karani aliandikisha watu kwa kalamu. Kalamu haiulizi maswali. Mwaka huu chuo kilileta mashine, na mashine haijui kufumba jicho.

Alhamisi ile Mratibu alikuwa akichora mishale kwenye karatasi kubwa, aone mpango wake ulivyokaa. Kidole chake kilipoufuata mshale wa tatu kikarudi pale kilipoanzia. Akafuata tena, kikarudi tena. Angeweza kuwaita wote watatu siku ileile, na kazi ingeisha kabla ya chakula cha mchana. Hakuwaita. Kaimu ni mtu aliyekalia kuti kavu, na barua ya kumthibitisha cheo ilikuwa ikisubiri maoni ya walimu waandamizi, ambao ni haohao watatu. Aanzie wapi kumwambia Fundi Mkuu kwamba amekosea, yeye aliyefundishwa naye kushika spana? Akajiambia pengine mashine haikagui. Akajiambia atalinyoosha kimyakimya wakati wa likizo. Akaikunja karatasi, akaitia droo, na tangu usiku ule usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Yote hayo angeyabeba. Kilichomtafuna ni mdogo wake.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa mashine za kutengeneza barafu kiwandani. Miaka kumi na mmoja ya kazi, mikono imejaa alama za kuungua, cheti hana. Kiwanda kilikubali kumpa ruhusa ya masomo na kumwekea nafasi ya usimamizi, mradi tu siku hii ya leo, kabla ya saa kumi, wapate karatasi ya usajili. Asipoipeleka, nafasi inakwenda kwa mwenzake, na zamu yake ya zamani ilishapewa mtu mwingine. Mwenyewe wala hakutaka. "Dada, mimi na shule tuliachana salama, usituchokoze," alisema. Miezi miwili dada mtu alimwandama, kwa simu, kwa kumtuma wifi yake amlainishe, kwa kumkumbusha wanawe watakavyojivuna. "Wewe njoo tu," akamwambia mwishowe. "Mlangoni niko mimi." Basi akaja. Sasa alikuwa mtu wa kumi na nne kwenye foleni, shati limenyooshwa, bahasha kwapani.

Mratibu alimpita mbiombio akielekea karakana.

"Dada, kwema?"

"Kwema. Wanarekebisha kidogo tu."

Mdogo wake akamwinulia kidole gumba, na yeye akamwinulia chake. Akaongeza mwendo asije akaulizwa la pili.

Fundi Mkuu alikuwa akifuta spana zake moja moja na kuzitundika ukutani.

"Shikamoo, mzee. Nina shida. Naomba tuliondoe sharti lako, kwa muda tu, mashine inasumbua."

"Marahaba." Mzee hakugeuka. "Mashine ikisumbua hutengenezwa mashine, binti yangu. Hatengenezwi mtu."

"Ni kwa leo tu, mzee."

"Leo hao wasiojua kitu waje kwangu, kesho wabaki kwangu. Kamwombe Rula."

Bwana Rula akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kwa upole kwa nini aanze na yeye na si wa karakana. Mama Hesabu alikuwa mkali zaidi, maana habari zilishamfikia. "Nasikia unapita unawabembeleza wenzangu tuvue masharti. Kuna nini hasa?"

"Hakuna kitu, mama. Mtandao tu."

Uongo ulimtoka laini kabisa, akajichukia.

Akarudi ofisini. Akatoka. Akaenda kusimama nyuma ya karani, akamchosha kwa kupumua juu ya bega lake, akatoka tena. Saa saba foleni ilikuwa imekaa chini ukutani, watu wanajipepea na vyeti vyao vya sekondari. Saa nane alipopita tena, mdogo wake hakuinua kidole. Alikuwa kwenye simu, mkono mmoja umeziba sikio, akisema, "Ndiyo bosi, ndiyo, bado kidogo, dada yangu yupo hapahapa." Maneno hayo yalimchoma Mratibu kuliko kama angetukanwa.

Akajifungia ofisini. Kubadilisha sharti kunataka vitu viwili: nywila yake yeye, na fomu yenye sahihi ya mwalimu wa somo. Nywila anayo. Sahihi za Fundi Mkuu zimejaa kwenye majalada, ni mkwaruzo mmoja na nukta mbili, mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Kalamu aliishika. Akaijaribu sahihi mara moja kwenye karatasi chakavu, ikatoka vizuri mno, hofu ikamwingia. Akaichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, akakaa akiitazama saa.

Saa tisa na nusu walimu wote watatu walikuwa wamejazana kwenye chumba cha usajili, si kwa kuitwa, bali kwa kelele za foleni. Chumba chenyewe ni meza mbili, mashine na dirisha la kuhudumia watu, na dirisha lilikuwa wazi. Fundi wa kompyuta alikuwa ameshasema kwa simu kwamba mashine yake ni nzima, ila kama wanabisha atakuja kesho aitazame.

"Kesho basi," akasema Bwana Rula. "Tutangaze waje kesho."

"Kesho mfumo umefungwa, mwalimu," karani akajibu. "Asiyeingia leo ni mwakani."

"Wewe ulifundishwa kuitumia siku ngapi?" Mama Hesabu akamgeukia. "Siku mbili? Haya basi. Mnampa mtu chombo kwa siku mbili halafu tunashangaa."

"Nimefanya kama nilivyoelekezwa, mama."

"Umebonyezabonyeza," akasema Fundi Mkuu, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayefunga mjadala. Karani akainama. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Hapo mdogo wake Mratibu akaegemea dirishani, akaweka bahasha juu ya ubao wa dirisha. "Samahani, wazee wangu. Siwaingilii. Mimi kazini wananisubiri hadi saa kumi. Kama haiwezekani, niambieni sasa hivi nikajue pa kushika."

Mratibu aliwatazama wote. Akiendelea kunyamaza, karani atabeba lawama, mashine itatazamwa kesho, na barua yake itakuja kama ilivyopangwa. Na yule dirishani atarudi kwa mkewe akiwa hana kazi wala shule. Akisema, atasema mbele ya yule dirishani. Alitamani hata dirisha lijifunge lenyewe. Sauti ikamtoka juu kuliko alivyotaka.

"Karani hana kosa. Mashine haina kosa. Kosa ni mpango wetu."

Akaeleza. Hakukuwa na mengi ya kueleza: karakana, mchoro, hesabu, karakana. Alihesabu kwa vidole vitatu, na alipofika cha tatu akarudi kwenye cha kwanza. Bwana Rula akafumba macho akiufuata mzunguko kichwani. Mama Hesabu, ambaye hakuhitaji kuambiwa mara mbili kitu cha hesabu, akasema, "Loo!" kisha akamkazia macho. "Umeligundua saa ngapi hili?"

Angeweza kusema leo. Nani angejua? Lakini asubuhi nzima alishadanganya watu wanne, na akaona akiongeza wa tano atakuwa mtu mwingine kabisa.

"Alhamisi iliyopita," akasema. "Niliogopa kuwaambia. Niliogopa mtaniharibia barua yangu."

Foleni nje ikasongea dirisha, maana watu wa mbele walisikia na wa nyuma walitaka kuambiwa. Mratibu hakuthubutu kutazama dirishani.

Fundi Mkuu alijikuna kidevu muda mrefu. Akatazama foleni, akamtazama karani aliyekuwa akijifuta uso kwa kiganja, akamtazama yule kijana wa dirishani.

"Wewe umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Saa mbili, mzee."

"Saa mbili." Mzee akaguna. "Na wote hawa ni kwa ajili ya mimi nisiitwe mlezi." Akavuta kiti, kikalalamika chini yake. "Haya, niiteni. Lakini Rula, ukinitania mbele ya wanafunzi nitakuvunja hiyo rula. Lete fomu."

Akaandika kwenye ule mstari: hakuna. Akatia mkwaruzo na nukta mbili. Mratibu akaingiza nywila, akakosea, akaingiza tena. Karani akaandika jina la mtu wa kwanza, na mashine ikakubali bila hata kusita, kana kwamba siku nzima haikuwa na ugomvi na mtu. Foleni ikapiga makofi. Watu wa mbele wakasukumana, wakaanza kusonga, na walipofika wa kumi na nne ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Mratibu aliichukua mwenyewe karatasi ya mdogo wake kwenye mashine, ingali na joto, akaipeleka dirishani kwa mikono miwili. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka amwambie akimbie.

Mdogo wake aliisoma yote, mpaka mstari wa chini. Kisha akaipiga picha kwa simu, akaituma kiwandani, akasubiri ijibiwe. Ilipojibiwa ndipo akainua macho.

"Jumamosi ulikuja nyumbani," akasema, kwa sauti ndogo ili watu wasisikie. "Ulikula na sisi. Ukaniuliza kama nimeshaiacha zamu, nikakwambia bado, nafikiria. Ukaniambia niache, ninangoja nini."

"Nilidhani nitalimaliza kabla. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikaiacha Jumatatu."

Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha. Hasira zake alizijua tangu wakiwa wadogo. Zilikuja na kelele, zikaisha kabla ya jua kuzama. Sasa alikuwa akiikunja ile karatasi taratibu, ukingo kwa ukingo, akaitia kwenye bahasha, akaifunga.

"Asante, Mratibu," akasema kwa adabu, kama mtu yeyote wa foleni, akasogea pembeni kumpisha aliyekuwa nyuma yake.