Waya Mnene wa Sebuleni

Soketi nzima katika nyumba ile ilikuwa moja tu, sebuleni, nyuma ya kabati la muziki. Ya jikoni iliungua zamani, na ya chumbani ilitosha kuchaji simu basi. Kwa hiyo Jumamosi ile saa nne asubuhi, mwenye nyumba alipopiga magoti kuchomoa waya wa zamani wa amplifaya ili achomeke mpya, mkewe alisimama mlangoni na sinia la chai akaiangalia soketi ilivyokaa wazi. Ilikaa wazi kama dakika moja.

Mke alikuwa mshonaji. Alishonea chumba cha nyuma kwa cherehani ya kukanyaga, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama ngumi. Miaka mitatu nyuma dada yake alimletea cherehani ya umeme. Ilikuwa bado ndani ya boksi, na juu ya boksi ziliwekwa nguo za kupigwa pasi. Mume alishaeleza kwamba muziki haugawani soketi na kitu kingine, umeme unachafuka. Tena amplifaya haizimwi hata mtu akienda kazini. Ikipoa, utamu unapotea.

Waya mpya ulikuwa mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, umevalishwa soksi nyeusi ya nyuzi. Fundi redio wa mtaani aliitwa aje asikie tofauti.

"Umeme umetoka huko bwawani," fundi alisema, "umepita kwenye nguzo, juani na mvuani, halafu wewe unauvalisha suti hapa mlangoni?"

Mume akamwambia anyamaze asikilize.

Santuri ikaanza. Tarumbeta na ngoma, kama siku zote. Halafu kwenye spika ya kushoto mke akasema, "Baba watoto, ile soketi niachie asubuhi tu, ukiwa kazini." Nyuma ya maneno yake mfuniko wa sufuria uligonga. Ilikuwa sauti yake ya miaka mitatu iliyopita, ina kicheko ndani yake.

Mke mwenyewe alikuwa bado pale mlangoni, mdomo kaufunga.

"Unasikia?" mume akamuuliza fundi. "Utadhani yuko humu ndani."

Fundi alikiri kwamba sauti ni ya shemeji kabisa. Akatoa kipimo chake, akapima, akasema umeme ni ule ule na waya haujabadilisha chochote. Kisha akanywa chai.

Mume alikuwa karani wa kupokea malalamiko katika idara ya maji, na wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili wa ofisini. Maombi ya mke yalikuwa yakitoka spikani kwa mpangilio, kuanzia ya zamani. Wageni walibishana kama shemeji amekaa kushoto au karibu na katikati. Mmoja alisema kwa waya wa kawaida mtu kama huyu hasikiki kabisa, na mume akasema hapo hata yeye ni shahidi. Mke aliposema spikani kwamba daktari kamkataza kukanyaga, waliomba sindano irudishwe, waisikie vizuri ile pumzi. Halafu wakamwomba shemeji mwenyewe, kule chumba cha nyuma, asimamishe cherehani kidogo, mlio wake unaingilia.

Maombi yalipofika mwaka wa tatu, kicheko kilikuwa kimekwisha na maneno yamepungua. "Ile soketi," basi. Mume alisema waya bado mpya, haujaiva.

Jumamosi moja goti lilikataa kukunjika. Mke akaja sebuleni akijishika ukutani.

"Baba watoto, leo siwezi kukanyaga. Nichomolee huo waya nimalize sare za watoto wa watu. Jumatatu wanafungua shule."

Mume alikuwa amefumba macho. Akainua kidole.

"Subiri kidogo, mama watoto. Ndiyo kwanza unaanza kusema."

Mke akasubiri. Alipokwisha kusema kwenye spika, mume alikuwa ameshainuka kugeuza santuri. Akarudi chumba cha nyuma.

Wiki iliyofuata waya uliifikia Jumamosi ile. Kila kitu kilitoka: kiganja kikiparuza ukuta, sare, Jumatatu, na mwisho kabisa, "Subiri kidogo."

"Hata mimi nimetoka vizuri," mume akasema.

Baada ya hapo ikabaki tarumbeta peke yake, kwa kuwa mke hakuwa ameomba tena. Mume alisogeza kiti, akafuta sindano, akamwita fundi. Fundi akapima, umeme ni ule ule. Mume akaamua waya ule umechoka, akanunua mnene zaidi. Nao ukatoa tarumbeta tu.

Basi akaenda hadi mlango wa chumba cha nyuma, akasimama.

"Mama watoto, hebu omba tena kidogo."

Mke akatoa uzi mdomoni. "Niombe nini?"

"Ile ya soketi. Ndiyo inayotoka vizuri."

Mke akamtazama. Kisha akarudisha uzi mdomoni, akaendelea kukanyaga, kwa mguu mmoja.