Siku Baba Alipokuja Kuniona Nikicheza

Baba yangu ni fundi nguo, na kujisifu hajui. Anachojua ni kuwasifu watoto wake kupita kiasi. Nilipomwambia nimechaguliwa chuo kikuu kusoma usimamizi wa michezo, alisikia neno la mwisho tu. Kufika jioni mtaa mzima ulijua binti yake ni mshambuliaji. Mimi, ambaye shuleni niliwahi kupiga penalti kikaenda kiatu, mpira ukabaki, nikakosa moyo wa kumsahihisha. Muhula mzima.

Jumamosi moja akanipigia simu: yuko getini. Amevaa koti la harusi, mkononi chupa mbili za maji, "ya mapumziko".

Mwenzenu nilikuwa katibu wa michezo wa chuo, cheo nilichopewa kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyefika kikaoni. Siku hiyo nilikuwa nimeandaa mechi ya wanafunzi wa uhandisi na wa ualimu. Nilikuwa na chokaa hadi kwenye nyusi.

"Mama, jezi yako iko wapi?" Baba akauliza.

"Baba, mimi sichezi."

"Leo?"

"Sijawahi."

Akanitazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja kukana vipimo vyake mwenyewe. "Sasa huko darasani mnafanya nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze, timu zikatoka. Zote mbili zimevaa bluu.

Wiki ya kwanza kabisa tulifundishwa: kwenye barua ya mwaliko, uliza rangi ya jezi. Kwenye mtihani swali hilo nililipata lote. Kwenye barua nikasahau. Vizibao vya mazoezi vilikuwa stoo, na mwenye ufunguo kasafiri.

Refa akatazama saa. "Katibu, dakika kumi. La sivyo naandika mechi haikuchezwa."

"Tujuane kwa harufu?" akauliza nahodha wa uhandisi, jitu refu waliloliita Nguzo.

Uwanja ukacheka. Nami nikacheka, maana nikitaka kulia huwa nacheka. Pale uwanjani ni Baba tu aliyelijua hilo.

Akaweka chupa chini, akashika pindo la jezi ya Nguzo na kuligeuza. "Ndani ni nyeupe. Vueni, mzivae ndani nje."

"Na namba, mzee?" refa akasema. "Bila namba sipulizi filimbi."

Baba akatoa mfukoni chaki nyekundu ya kukatia nguo. Hata harusini huwa nayo. "Mama, soma orodha."

Nikasoma, akaandika, mgongo baada ya mgongo. "Simama wima. Wewe namba nane, usicheke, unaniharibia duara." Nguzo ilibidi apige magoti. "Urefu wote huu, mbavu zote hizi! Kwani hapa hamli?"

Dakika ya tisa filimbi ikalia.

Tukasimama kando ya mstari. "Baba, nisamehe. Ningekwambia mapema."

Akaelekeza kidole chini. "Mistari hii kapiga nani?"

"Mimi."

"Na wale wa huduma ya kwanza?"

"Niliwaandikia barua."

"Refa je?"

"Nilimbembeleza wiki mbili."

Akainama, akafunga jicho moja, akaukagua mstari mzima hadi kwenye kona kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. "Umenyooka," akasema. Kuna mafundi dukani kwake wanalisubiri neno hilo mwaka wa sita sasa.

Simu yake ikaita. Sauti ya mama haijawahi kuhitaji spika: "Kafunga?"

"Hachezi," Baba akasema. "Hachezi kabisa, mama watoto. Lakini asingekuwa yeye, hapa pangekuwa na majani tu." Akanishika bega, chaki yote ikahamia kwenye blauzi yangu. "Ngoja nitakupigia, namba nne ameanza kufutika."

Akaondoka mbio kandokando ya mstari, koti likipepea, refa akimpigia filimbi arudi.