Wali Uliochunguliwa

"Umeiva?" aliuliza Yu Parsih, mmoja wa wanawake wa jikoni, na kabla hajajibiwa akafunua jungu. Mvuke ukampiga usoni, ukapotelea darini.

"Bado," alisema Mbok Tuminah. "Funika, Yu. Wali hautaki kuchunguliwa."

"Naangalia tu, Mbok. Kuangalia kuna kosa?"

Hiyo ilikuwa mara ya nne, na asubuhi ilikuwa bado changa.

Mbok Tuminah alisukuma ukuni ndani, akapuliza. Chini, ndani ya jungu la shaba, kulikuwa na maji. Juu yake kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, kimejaa mchele. Miaka ishirini na miwili hakuna harusi ya kijiji hiki iliyopikiwa wali na mkono mwingine. Wenzake hukata vitunguu, huchemsha fenesi changa, hukaanga tempe ya soya. Wali hukabidhiwa mmoja, na huyo mmoja ni yule anayeaminiwa. Ndiyo maana alikuja. Mtu asiyekwenda kusaidia jikoni kwa wenzake, siku yake ya msiba ataosha maiti wa nyumba yake peke yake.

Alikuja, na akamleta binti yake, Kinasih.

Binti alikaa pembeni anakuna nazi. Mkeka ulikuwa mpana, lakini wanawake wote walikuwa wamebanana upande wa pili kama watu waliokimbia mvua.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Jarwo amkamate kwa nguvu kwenye njia ya mashamba ya miwa, jioni, binti akitoka kusokota sigara kiwandani. Jarwo ni mdogo wake Bu Sriyatun, mwenye shughuli ya leo. Mwenyekiti wa kijiji alimsikiliza binti mpaka mwisho, akakohoa, akauliza, "Siku hiyo ulivaa nini?" Kisha, "Barabara kuu ipo. Kwa nini ukapita kwenye miwa?" Jarwo hakuulizwa kitu. Leo alikuwa uwanjani anapanga viti vya wageni.

Akaja mlangoni, jasho linamtiririka.

"Mama zangu, kahawa haijaisha?"

"Kwako wewe haiishi!" alicheka Yu Parsih. "Njoo, kaa. Umekonda, nani anakunyima chakula?"

"Nyinyi hapo!"

Wakacheka wote. Akamiminiwa kikombe cha kwanza. Mkono wa Kinasih ukasimama juu ya nazi.

"Kuna, mwanangu, kuna," alisema mmoja. "Nazi haijikuni yenyewe."

Jarwo alipotoka, maneno yakaanza, chini chini, lakini si chini sana.

"Kijana wa watu mchapakazi."

"Na ile blauzi nyekundu tuliiona wote. Tusidanganyane."

"Mimi wangu namwambia, ukipita kwenye miwa jioni, usije ukanililia."

Yu Parsih akainuka, akafunua jungu. Mara ya saba. Baada yake akaja mwingine, naye akasema anaangalia tu. Mbok Tuminah alikuwa anahesabu. Alitaka kusema neno, lakini akainama kupuliza moto, kwa sababu yeye mwenyewe, jioni ile ile, huku akimvua binti yake nguo zilizojaa majani ya miwa, alikuwa ameuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Tangu siku hiyo Kinasih hakujibu mengi.

Zamani alikuwa mwepesi wa kujibu. Akiwa mdogo alichuchumaa papo hapo kando ya moto, na mama yake akimtegea kitendawili, "Watoto wangu wako juu, maji yako chini, hawajagusana hata siku moja, lakini wote wanaoga," alipaza sauti kabla hakijaisha, "Wali!" Wanawake wakampigia makofi, wakampa tonge.

Adhuhuri ngoma zikasikika barabarani. Bu Sriyatun akaingia na kitenge chake cha dhahabu, akachota punje chache kwa kijiko, akatafuna. Zilisikika zikivunjika menoni.

"Mbichi," alisema. "Mbok Tuminah. Wali mbichi, na wageni wako mlangoni?"



"Miaka yote haijatokea," alisema Yu Parsih. "Jambo hili lina mtu wake." Hakutaja jina. Macho yao yote yakaenda pembeni mwa mkeka.

Mara kumi na moja, aliwaza Mbok Tuminah. Mara kumi na moja mmefunua, mvuke wangu wote mmeutoa nje. Ilitosha kusema hivyo tu. Alitazama mikono yake, iliyokwisha kukomaa kwa moto wa harusi za watu. Akawaza jungu likipewa mkono mwingine. Akawaza ua wake siku ya kufa kwake, na mtu mmoja tu akiteka maji ya kumwoshea.

"Nduk," alisema. Sauti ilitoka laini, kama anayembembeleza. "Nenda nyumbani, mwanangu."

Kinasih alimtazama. Kisha akafuta mikono, akainuka.

"Usitokee mbele, kuna wageni," alisema Bu Sriyatun. "Pitia huku nyuma."

Nyuma kuna njia moja tu. Mbok Tuminah aliona mgongo wa binti yake ukiingia katikati ya miwa, na majani yakifunga.

Akafunika jungu. Akakaa mbele yake, na safari hii hakuna aliyekuja kuangalia. Kabla ngoma hazijatulia, wali ulikuwa umeiva, mweupe, punje moja moja.

"Si mmeona?" alisema Yu Parsih. "Ametoka tu, umeiva."

Mbok Tuminah akapakua. Walimsifu. Bu Sriyatun mwenyewe alimfungashia sehemu yake katika jani la mgomba, kubwa kuliko za wenzake, akamwambia mwezi ujao asikose harusi ya kwa Pak Darmo.

Mbok Tuminah alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Ndala za Kinasih zilikuwa mlangoni, zimejaa udongo. Mwenyewe alikuwa ameketi ndani, ameelekea ukuta. Mama akaweka kifurushi kando yake, akakifungua, mvuke ukapanda kati yao.

"Kitendawili," alisema.

Alingoja. Mvuke ukapungua, ukawa uzi, na wali ukaanza kushikana.

"Kitendawili, Nduk."