Nywele za Mtu Mzima

…lakini mbona kichwa chenyewe ni kidogo hivi, anawaza Hulda, mkia wa kichanuo ukipita katikati ya utosi, kichwa chote kinaenea kiganjani, kina harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya kufulia, na kule mlangoni, kwenye benchi la wateja, yule mama aliyemleta anasema kwa mara nyingine, "Maman Hulda, umusuke rasta ndefu, ya bamama, hapana ile ya batoto," na Hulda anaitikia, "Ndiyo, maman Mariette," maana jina lake amejitajia mwenyewe, Mariette, na mtoto ni Masika, binti wa kaka yake, na Masika ana miaka kumi na minane, haya yote aliyasema kabla ya kuuliza bei, kabla hata ya kukaa, nani alikuuliza miaka, maman, mtu anakuja saluni kusukwa, haji kuandikishwa, "iko na dix-huit ans, anaonekana kadogo ju ya njaa ya vita," eti, siku hizi vita ni gunia la kutilia kila uongo, na meno ya pembeni ya huyu mtoto ndiyo kwanza yanachomoza, Hulda ameyaona alipopiga miayo, haya, chukua nywele, gawa mara tatu, ongeza meshi, nywele za dukani, vuta, si sana, amekunja shingo, pole mtoto, pole, naye mtoto amekaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya Hulda, ameokota kipande cha meshi sakafuni, amekifunga kwenye kijiti cha kiberiti, anakisuka, anakinong'oneza, amejitengenezea mwanasesere, dix-huit ans anacheza na kijiti… na huyo tante, shangazi mtu, hana habari, anapangusa simu yake kwa ncha ya kitenge, na kitenge ni kile cha mamas wa kanisa, Hulda anacho kama hicho nyumbani, alikivaa Jumapili iliyopita kwenye kwaya, na hilo ndilo linalomchefua zaidi, kwamba mwanamke aliingia hapa akasema "Bwana asifiwe" na yeye akajibu "Amen" kwa mdomo mtamu, akampa mto wa kukalia.

Maana walifundishwa, si kwamba hawakufundishwa, walikuja wale vijana wa shirika la kulinda watoto, wenye fulana nyeupe, wakawakusanya wasusi wote wa mtaa na wenye nyumba za kulala wageni, wakagawa soda na biskuti, wakabandika bango, na kwenye bango kulikuwa na mwanaume mwenye miwani myeusi na gari, anampa msichana pipi, na wasusi wote wakasema ndiyo, tumeelewa, tukimwona mwanaume wa miwani tutapiga simu, na hakuna aliyesema kwamba atakuja mama, mnene, mcheshi, anayenuka mafuta ya mgando kama mama zetu, atakayemfunga mtoto kitambaa vizuri na kumnunulia andazi njiani… "Munaenda wapi hivi, maman?" anasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, sauti ya kazini, ya kupitisha muda, na Mariette anasema, "Beni, halafu tunashuka Kasindi, anaenda kusaidia kazi ku restaurant, chauffeur anatungoja na gari, basi ufanye mbio kidogo," na Hulda anasema, "Kasindi, kule mpakani, ni mbali na mama yake," na yule anacheka, anacheka kabisa, meno yote nje, "Hapana, hataona ukiwa, yaya yake njo iko kule, alitangulia mwaka jana, yaya yake ya tumbo moja, baba moja mama moja, Falonne, anakula vizuri, amenenepa," na vidole vya Hulda vinasimama. Yaya. Dada mkubwa wa tumbo moja. Masika ana yaya… subiri, subiri kwanza, labda nimesikia vibaya, "Falonne ni mukubwa yake?" "Eeh, mukubwa yake," bila kupepesa, na Hulda anaanza tena kusuka ili mikono isimsaliti, lakini damu imemchemka hadi masikioni, kwa sababu kwetu majina ni hesabu, hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua, msichana wa kwanza kwenye tumbo la mama ni Masika, huwezi kuwa Masika na una dada mbele yako, ni sawa na kusema huyu ni wa kwanza na kuna mwingine kabla ya wa kwanza, na huyu Mariette si mgeni, ni Munande mtupu kama sisi, amezaliwa kwenye hesabu hiyohiyo, na shangazi ndugu wa baba, songali, ndiye anayemfunda mtoto wa kike kwetu, ndiye anayepelekewa siri zake, songali gani asiyejua mtoto wa kaka yake ni wa ngapi… hajakosea, hapana, mtu hakosei hivyo, hakujali tu, alimpa mtoto jina la kwanza lililomjia mdomoni, kama mtu anavyomwita kuku yeyote kuku, pengine wote anawaita Masika, wote anaowapitisha, Masika huyu, Masika yule, na mate yanamjaa Hulda mdomoni, machungu, angependa kutoka nje ateme, lakini mtoto yuko magotini, na akiinuka mtoto atabaki na nani.

Simu inalia ting, na Mariette, macho makavu, anaifungulia sauti wazi, haoni haya wala hajifichi, sauti ya mwanaume inajaa saluni, "Maman Mariette, ile picha naiona, mais uso ingali ya mutoto, bamuongezee rasta bien longue, na rouge ku midomo, polisi ya barrière bapate kumuacha bila maulizo, hapa batu banamungoja tangu jana," batu, wamemngoja, watu gani wanaongoja mtoto wa restaurant tangu jana, watu wanangoja wali na samaki, hawangoji mwoshaji wa sahani, na picha, picha ipi, ile aliyompiga hapahapa, alisema "Masika, cheka," na mtoto akacheka kwa sababu mkubwa amemwambia cheka, na Hulda mwenyewe alisogea pembeni asiharibu picha, na sasa uso huu uko kwenye simu ya mtu asiyemjua, na kutoka hapo umeingia simu ngapi, nywele zikianguka sakafuni unachukua ufagio unafagia, picha utaifagia na nini… na Hulda anajua ni wapi anakopelekwa, usijidanganye, Hulda, unajua, si umewasuka wale wanaofanya kazi huko, wanakuja mchana na macho mekundu, wanasinzia kwenye kiti, nyumba ya nyuma ya nganda, nje wanauza bia na ndani vyumba vimegawanywa kwa vitenge, na kwa Kifaransa wanaiita maison de tolérance, nyumba ya uvumilivu, nani aliipa jina hilo, nani anavumilia humo, anayevumilia ni mtoto peke yake, wengine wote wanakunywa. Kinyaa. Kinyaa hadi kwenye kucha, anaangalia vidole vyake vyenye mafuta na anaona vinachofanya, vinamvalisha mtoto utu uzima, kila rasta moja ni mwaka mmoja anaongezewa, rasta hii kumi na tatu, hii kumi na nne, mpaka barrière waone mama, na huko wapate mtoto, na wewe ulipwe kwa kazi nzuri, asante maman coiffeuse, Mungu akubariki.

"Allô? Allô, hapana, réseau iko mubaya, ngoja nitoke," na Mariette anainuka, anasimama nje kwenye ngazi, mgongo kwao, mkono sikioni, na Hulda anainama mpaka mdomo unagusa sikio dogo, anauliza kwa Kinande, polepole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale, nani anakuita Masika, na mtoto anasema, bila kuacha kusuka kijiti chake, "Ni yeye," na nyumbani wanakuitaje, "Kavugho," Kavugho, wa tatu, kwa hiyo kuna mama mahali aliyezaa wa kwanza, akazaa wa pili, akamzaa huyu na akamhesabu, "Na kwenu ni wapi, Kavugho?" "Musienene," "Mama anajua uko hapa?" na hapo kijiti kinasimama, "Huyu maman alisema tunaenda kununua viatu, tutarudi," na anaangalia miguu yake, ina kandambili za kijani, moja imeshonwa kwa waya, hakuna viatu popote, hakuna hata mfuko wa viatu, viatu, kwa viatu tu, Hulda angetaka kumkumbatia, hathubutu, na anaogopa, asijidanganye, anaogopa sana, yule mwenye sauti ya kwenye simu yuko mahali, chauffeur yuko mahali, wanajua saluni hii sasa, wanajua jina lake, Maman Hulda, limeandikwa kwa rangi pale juu ya mlango, na akipiga kelele Mariette atamshika mtoto mkono na watapotea kwenye soko kabla ya mtu kuuliza kuna nini, atasema ni mtoto wangu, huyu msusi ana wazimu, na watamwamini mwenye kitenge cha kanisa… hapana kelele, basi, hapana kelele, lakini gari halimchukui mtu aliyesukwa nusu, kichwa upande mmoja rasta ndefu na upande mwingine nywele zimesimama, na barrière hawataacha kumuuliza, na wakati ni wangu, wakati wa kichwa hiki uko mikononi mwangu peke yangu.

Mariette amerudi, amekaa benchini, mlango ni uleule na jua ni lilelile kwenye sakafu, mtoto yuko kigodani, na Hulda anapaza sauti kidogo kuelekea ng'ambo ya barabara, anapouza viazi yule mama wa Musienene anayejua kila ukoo wa kule, "Maman Adèle, kuja kukaa na miye hapa, kuja unipigie habari ya kwenu," kama anavyomwita siku zote anapochoshwa na kazi, na Adèle anafunika viazi kwa gunia, anajifuta mikono, anakuja, na vidole vya Hulda vinaingia kwenye rasta ya kwanza kabisa, ile ya juu ya paji, vinatafuta ncha, vinaifungua, msokoto baada ya msokoto, meshi ndefu inaanguka sakafuni na nywele fupi za mtoto zinasimama zenyewe mahali pake.

"Inabakia ngapi, maman?" anauliza Mariette, macho kwenye simu, "chauffeur anakasirika."

"Inabakia yote, maman," anasema Hulda.