Duara la Njano

Gurudumu la mbele la baiskeli liling'aa ukutani mwa karakana yangu kama sahani mpya, nami nikasimama kando yake nikingoja sifa. Mama Lilavati aliinama, akapitisha kidole polepole kwenye ringi, akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, maua yangu yako wapi?"

Maua gani? Mimi niliona kutu tu, na kutu ilikuwa adui yangu wa siku nyingi. Miaka ya shida tulipaka baiskeli kwa masalio ya rangi ya mageti, tena kwa kuombaomba. Ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, maduka ya Kariakoo yakafurika makopo ya rangi na misasa ya kila namba, nasi mafundi tukalewa. Chochote cha zamani kilichotupitia mikononi tulikikwangua mpaka chuma kitupu, tukaiita kazi safi.

Nilimpa kigoda, akakaa. Alinieleza kwamba marehemu mumewe, Bhargav, alisambaza vitambaa kwa baiskeli hiyo. Mwaka waliooana, yeye angali bibi harusi mgeni wa mtaa, alichukua brashi akachora vimaua vya njano kuzunguka ringi zote mbili.

"Baiskeli nyeusi zilikuwa mia mtaani. Huko juu roshani ningeijuaje yake? Gurudumu likizunguka, maua yanakuwa duara moja la njano. Nikiliona tu, naweka chuma cha chapati jikoni. Akimaliza ngazi, ya kwanza iko tayari." Akaigusa tena ringi. "Macho yangu yanakwisha, fundi. Daktari amesema hivyo. Nilitaka nilione tena duara lile kabla hayajazimika."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Limebaki la nyuma, mama," nikasema.

"Hilo usiliguse!"

"Sitaligusa kwa msasa. Nipe hadi Ijumaa."

Aliondoka bila kukubali wala kukataa, gurudumu akaniachia.

Siku hiyohiyo nililipeleka Magomeni kwa shangazi yangu, Bi Shamsa, ambaye masinia yake ya shaba huazimwa kwa harusi za mtaa mzima. Yana umri kunizidi, na nakshi zake hazijafutika hata moja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeniletea gurudumu au umeniletea kesi?"

"Vyote viwili."

Alisikiliza kisa chote bila kunikatiza. Kisha akaliosha gurudumu kwa maji na sabuni, akaroweka ukwaju kama ule wa kusafishia masinia yake, akapaka tone moja upande wa ndani wa ringi, mahali pasipoonekana. Akangoja. Akafuta, akaangalia kama rangi imeng'oka. Haikung'oka.

"Mgeni hubisha hodi kwanza," alisema. "Wewe huwa unavunja mlango."

Alichana kanga kuukuu vipande vyembamba, akavichovya kwenye ukwaju, akaizungushia ringi yote kama anayefunga kidonda. Adhuhuri alipotoka kuswali akafungua, akaanza kufuta kwa kitambaa laini, mahali padogo padogo. Palipokuwa pagumu nilishindwa kuvumilia, nikachomoa kipande cha msasa mfukoni. Alinipiga kofi mkononi.

"Rudisha huko! Pakikataa, tunapafunga tena. Nani anakufukuza?"

Tulipafunga tena, na tena, kwa siku mbili. Nina miaka kumi na minane katika ufundi, nimewaona wenye nguvu na wenye mbwembwe, lakini sijapata kuona mkono unaojua kiasi kama ule. Ulifuta kutu ukaishia pale rangi inapoanza. Nilimtazama nikajisikia mwanagenzi, na wallahi nilifurahi.

Siku ya pili alasiri likatokea ua la kwanza, dogo, limepinda upande mmoja. Mengine yakafuata. Yapo ambayo kutu ilikuwa imeyala kabisa, na hayo shangazi aliyaacha vilevile. Alisuuza, akakausha papo hapo juani, akamalizia kwa mafuta ya nazi.

Ijumaa nilirudi karakana, nikaifunga baiskeli magurudumu yote mawili, nikaipanda mwenyewe kuelekea kwake. Niliingia Kariakoo nikipenya katikati ya mahamali na mikokoteni. Mama Lilavati alikuwa roshani, ghorofa ya tatu, ameshika ukingo, uso wake umeelekea mtaani lakini hautazami popote. Sikupiga kengele wala sikumwita. Nilikata kona taratibu mbele ya jengo ili gurudumu la nyuma limwelekee, nikazunguka mara moja, nikarudia mara ya pili.

Aliweka kiganja juu ya macho, akainama mbele. Halafu akageuka, akaingia ndani.

Nikajua nimechelewa. Macho yamekwisha. Niliibeba baiskeli begani, nikaanza kupanda ngazi nikitafuta maneno ya kumwambia. Ghorofa ya pili nikasimama kupumua.

Harufu ya samli ilikuwa inashuka ngazini, na juu yangu, mlangoni palipoachwa wazi, chapati ilikuwa inageuzwa.