Kona ya Kushoto

“Moja ya mwisho,” Krupa alisema, na mguu wake haukutulia. Sebule nzima ilikuwa maboksi. Kilichobaki bila kufungwa ni televisheni, na chini yake mashine ya gemu. Nje, pikapu ilikuwa inapakiwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Baba yake, Prakash, alikuwa ameuza duka lake mjini Kisii wahamie Uingereza. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimpelekea vinyago vya mawe kutoka kijijini kwetu Tabaka kila Jumatano, na kila Jumatano bintiye Krupa, rika langu, alinipandisha juu, walikoishi, tukapigana kwenye kioo cha televisheni hadi vidole vikawaka moto. Aliniahidi kwamba nikimshinda, mashine ni yangu. Sikuwahi kumshinda hata mara moja, na iliniuma kwelikweli.

Gemu yenyewe ilikuwa tamu. Ngumi ikitua uliisikia hadi tumboni, na kila mpiganaji alikuwa na mwendo wake. Lakini chochote kilichotengenezwa na binadamu kina kasoro. Sisi wa Tabaka hulimwagia jiwe maji kabla ya kulichonga, ufa uliojificha ujitokeze. Ndivyo nilivyoitazama gemu ile. Wiki iliyotangulia, Krupa akiwa jikoni, niliuona ufa wake: ukimbana adui kwenye kona ya kushoto, ukampiga teke la chini bila kukoma, hainuki tena. Niliona, nikanyamaza.

Tukaanza. Mimi nilimchagua mzee wa fimbo, yeye mwanamke wa shoka.

“Krupa! Hiyo TV chomoa, gari inangoja!” mama yake, Jayshree, aliita kutoka ngazini.

“Dakika moja, Mummy!”

Raundi ya kwanza aliichukua yeye. Ya pili niliipata kwa bahati tu. Ya tatu nikamsukuma hadi kona ya kushoto. Teke. Teke. Teke. Mwanamke wa shoka alijaribu kuinuka, akaanguka, akajaribu tena. Nilijua ninachofanya, na nikaona haya, lakini kidole hakikukoma.

Nilishinda. Nilipiga kelele ya furaha, peke yangu.

Krupa alichomoa waya. Alizifunga pedi zote mbili za kuchezea taratibu, akaniwekea mashine mapajani.

“Hiyo kona naijua, Nyanchera,” alisema. “Tangu mwaka jana.”

“Sasa mbona hukunifanyia?”

“Ungeacha kuja.”

Mama yake aliita tena, naye akashuka mbio, wapakiaji wakapanda kuchukua televisheni na maboksi yaliyobaki.

Nilipofika chini pikapu ilikuwa imeshika barabara. Nikaenda stegi ya matatu na mashine yangu kifuani, nikiwapita watu bila kuwasalimu. Kwetu Tabaka stima ilikuwa haijafika, usiku tuliwasha taa za mafuta. Tulijua hivyo sote wawili, tangu siku aliyoniahidi.