Meya Aliyerudi Kazini

Meya wa jiji kuu alizikwa Jumamosi mchana, na Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwake akiuliza chai yake iko wapi. Karani alimletea, akampangusa udongo begani, akamwekea barua za kutia saini.

Aliyeumia ni naibu meya. Masikini, alikuwa ameshauweka mto wake wa kukalia kwenye kile kiti, na mkewe ameshawapigia simu dada zake wote. Aliuchukua mto wake, akaubana kwapani, akashuka moja kwa moja kwa mwanasheria wa jiji.

"Kiti kinakuwa wazi mwenyewe asipohudhuria vikao," mwanasheria alisema bila kuinua macho. "Huyu anahudhuria."

"Amekufa, ndugu yangu!"

"Poleni sana. Lakini leo amekutangulia kufika."

Wivu ulimpanda naibu. Miaka yote hiyo alimwandikia mwenzake hotuba, akamshikia mwavuli, makofi yakaenda kwa mwingine. Leo tena ashindwe na maiti? Thubutu! Akateremka hadi mtaa wa bondeni, ambako mabomba yalikuwa makavu tangu uchaguzi, akapanda juu ya kreti la soda mbele ya foleni ya ndoo.

"Mimi ni mzima, nina damu mwilini! Nisaidieni nipate kiti, niwaletee maji!"

Muuza nyanya alimtazama kwa huruma. "Baba, yule tumeshamzoea. Na sasa hata tumbo hana, atakula nini? Wewe ndiyo kwanza una njaa."

Foleni nzima ikacheka. Nyumbani, mkewe naye aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kesho yake alimkuta meya peke yake, ametia saini karatasi ya kupeleka maji mlimani kwenye mabwawa ya kuogelea, kama alivyofanya alipokuwa hai.

"Nakuonea wivu, kaka," naibu alisema. "Tangu zamani. Usiku silali. Hivi huko ulikotoka hakuna kiti cha umeya?"

"Kipo, mdogo wangu," meya alisema kwa upole, akipuliza wino ukauke. "Ila kina mwenyewe. Wanatafuta naibu."

Naibu akamsogezea muhuri, na maji yakaenda mlimani.